Mfumo uliniambia Hamisi yuko saiti Goba, huku Hamisi amesimama mbele yangu msibani Chanika

Milioni moja na laki nne, nusu ya slab, na jina la mtu mmoja ambalo mpaka naandika hapa sijui nilifute au nilibakize.

Hiyo ndiyo gharama ya jambo zima. Nimeijumlisha mara mbili, haipungui.

Wakuu, heshima kwenu, wadogo marahaba. Hii sikuiokota kwenye grupu wala sikusimuliwa na jirani. Imenipitia mwenyewe, na nikiongeza chumvi popote, najua humu wamo watu wa saiti, watanishika shati. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mie ni mama wa miaka arobaini na kitu, makazi yangu Mbagala. Nina kikundi cha mafundi. Tunachukua kazi kwa wakandarasi wakubwa: kufunga mbao, kusuka nondo, kumwaga zege. Wao wanachukua tenda, sie tunachukua jasho. Nimeshazunguka na hawa watu mpaka Kimbiji, kwenye barabara ambazo ukifika unajipapasa kwanza kama meno yote yapo.

Sasa mwaka huu tukapata kazi Goba. Ghorofa za kupangisha, juu kabisa ya kilima.

Mkandarasi wetu akaja na sharti jipya. Haingii mtu getini kama hayumo kwenye mfumo. Kila fundi awe na mstari wake kwenye kompyuta: jina, kazi anayoiweza, mafunzo aliyopitia, cheti kinaisha lini. Mbele ya jina kuna kidoa. Kijani, ruksa. Njano, cheti kinakaribia kuisha. Nyekundu, rudi nyumbani.

Nikaletewa muuzaji wa huo mfumo. Kaka mmoja anaitwa Edgar, mtaratibu, shati limepigwa pasi mpaka unamwonea huruma kusimama kwenye vumbi letu. Bei yake ilikuwa ya kila kichwa, na kila fundi ajisajili asubuhi kwa simu yake mwenyewe.

Nilimuuliza kama mfumo unakula. Akasema hauli, dada.

Nikamwambia basi tusiulishe kwa bei ya mtu.

Tulikaa naye mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana simu moja tu, ya fomeni wetu Lameck. Yeye ndiye atakuwa anawaweka wote saiti kila asubuhi, kwa kugusa majina. Bei ikashuka karibu nusu. Edgar aliondoka ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama anaogopa na wenyewe nitaomba punguzo.

Kusema kweli, mafunzo yalikuwa mazuri. Mkandarasi alileta mwalimu, watu wakafundishwa kupanda jukwaa, kuvaa mkanda, kuendesha winchi ya kupandishia zege. Hamisi ndiye aliyechukua winchi.

Hamisi ni mtu wa Newala, mtu mzima kidogo, mpole. Ana kitu kimoja cha ajabu: hata mkiwa mnaongea mambo ya kawaida, mkono wake wa kulia unakuwa umekunjwa kama umeshika kitu. Mwalimu alimfundisha breki, akairudia, akairudia tena, mpaka mwalimu akamwambia baba inatosha. Akapata kijani chake.

Na hapa wakuu nitasema jambo ambalo mtanicheka.

Kile kidoa cha kijani kilikuwa kinanituliza.

Nilikuwaga nikimaliza chai asubuhi nafungua mfumo bila sababu yoyote. Nayaangalia majina yanavyowaka moja moja, Lameck anapoyagusa huko Goba. Anawaka Bakari wa plasta. Anawaka Yohana wa nondo. Anawaka Hamisi. Mie niko Mbagala na kanga yangu, wao wako kilimani, na ninawaona wamefika salama. Inakuwa kama vile unahesabu wanao usingizini na wote wapo.

Kuna siku nilipanda mwenyewe mpaka ghorofa ya pili, kabla jua halijakaza. Goba asubuhi ukungu unalala mabondeni, halafu mapaa ya nyumba mpya yanachomoza juu yake, huoni kuta, huoni watu, unaona bati tu zinaelea. Nikafungua simu, vijani vyote vinawaka. Nikasema moyoni, sasa hapa hata mimi naweza kulala.

Ndiyo hivyo. Nikalala.

Tuje kwenye mila yetu ya saiti, maana bila hiyo hamtanielewa.

Wa Dar mnajua deiwaka. Kwa mgeni wa jiji, ni mtu anayeshika kazi ya mwenzie kwa siku moja. Watu wanadhani ni ya makondakta tu, lakini saiti ipo miaka yote. Ukiumwa, unampeleka mdogo wako asimame mahali pako, jioni mnagawana posho. Nafasi haiachwi wazi, kwa sababu ikikaa wazi kuna mtu pale nje ameshaiona. Na deiwaka akiingia anaitwa kwa jina lako. Hakuna anayeona ni uongo. Tunaona ni ustaarabu, umeheshimu kazi ya watu.

Mila nyingine: siku ya kumwaga slab, yaani zege la sakafu ya ghorofa, hakuna ruhusa. Hata uje na barua. Siku hiyo ndiyo ndugu za watu wanapenda kufariki. Mie peke yangu nimeshatoa rambirambi za shangazi watatu wa fundi mmoja, na baadaye shangazi mmojawapo akaja kuniomba kazi ya kupika.

Basi, siku moja kabla ya slab ya ghorofa ya tatu, mama yake Bakari akafariki huko Chanika. Bakari ni mtoto wa kumzaa, huyo tulimwachia bila maneno. Hamisi naye akaenda kwa Lameck, akasema marehemu ni mama yake mdogo, ndiye aliyempokea alipokuja Dar. Lameck akamjibu kwamba siku ya slab kila mtu ana mama mdogo. Aliniambia kwa simu, na mie nikacheka, nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa niaba ya wote.

Hamisi hakubisha. Alisema sawa, akaenda zake.

Siku ya slab nilifungua mfumo asubuhi kama kawaida. Hamisi akawaka kijani, winchi, saiti. Nikajifunga kanga, nikachukua bahasha ya mchango, nikaelekea Chanika.

Chanika kulikuwa na joto la kulala. Kinamama tulikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, karibu na mikorosho. Wanaume wametoka makaburini, wanakwenda na kurudi na masinia. Mtu anasoma dua upande wa pili, sauti inakuja na kuondoka na upepo. Nilikuwa nimeegemea nguzo, macho yanafumba yenyewe, nikiwaza slab, nikiwaza kama saruji itatosha, halafu siwazi kitu.

Nikamwona Hamisi.

Anakuja na sinia la pilau, kanzu yake imekunjwa mikono, miguu peku. Akaliweka chini katikati yetu taratibu, kama mtu anayeshusha kitu kutoka juu.

Wakuu, nilidhani ni ndoto. Naapa. Nilimwangalia kwa utulivu kabisa, nikajisemea, Hamisi yuko Goba, huyu ni mawazo yangu ya winchi yamevaa kanzu. Hata nikajihisi vizuri, kwamba hata ndotoni watu wangu wanafanya kazi.

Naye akaniona. Sinia lilikuwa limeshafika chini lakini mikono haikutoka.

"Shikamoo mama," akasema.

Hapo nikaamka. Ndoto haziamkii hivyo.

Nikatoa simu. Mfumo unasema: Hamisi, winchi, kijani, yuko saiti. Nikamtazama yeye. Nikautazama mfumo tena. Mie ni mtu wa kuhesabu mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wawili.

Nikampigia Lameck.

"Lameck, nani yuko kwenye winchi?"

"Hamisi, sista."

"Hamisi yuko mbele yangu ameshika sinia la pilau."

Nyuma yake nasikia injini ya winchi inavyounguruma.

"Basi huyu ni Hamisi wa leo," akasema.

Nikamuuliza huyo Hamisi wa leo amesomea winchi wapi. Akaniambia sista, ni shemeji yake, anaitwa Shukuru, ameshaiona ikifanya kazi mara nyingi, na mpaka sasa zege limepanda vizuri tu. Akaniambia slab iko katikati, tukisimama sasa hivi zege lililomwagwa litaanza kukaza, kesho litabaki na mstari wa kuunga, injinia atatula nyama.

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Msinione sijui hesabu ya slab iliyosimama. Niliipiga pale pale kwenye mkeka.

"Zima winchi, Lameck."

"Sista..."

"Zima."

Akazima. Nikasikia ule muungurumo umekatika, na kwa sekunde chache Goba ikawa kimya kama Chanika. Nikashusha pumzi. Nikaona nimeokoa watu.

Halafu Lameck akarudi kwenye simu na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Umesema nizime, nimezima. Ndoo iko juu."

Niwaeleze wasiojua. Winchi yetu si ile mikono mirefu ya mjini. Ni injini ndogo chini ya mlingoti, kamba ya chuma inapanda, ndoo ya zege inaning'inia. Na anayeiendesha anakaa pale pale chini, kwenye kibanda cha bati moja. Injini ikizimwa ndoo ikiwa njiani, uzito wote unabaki kwenye breki, na breki ni ya mguu. Waliokuwa wanapakia zege walikuwa wameshakimbia. Shukuru hakuweza kukimbia. Akinyanyua mguu, ndoo inamrudia kichwani.

Lameck mwenyewe ni mtu wa mbao. Akaniambia kuna vyuma vingi pale, hajui ashike kipi.

Hamisi alikuwa ameshapiga magoti kwenye mkeka wa kinamama, mkono ameunyoosha.

"Mama, naomba hiyo simu."

Nikaweka sauti kubwa. Akamwambia Lameck aisogeze simu yake sikioni kwa Shukuru.

"Shukuru. Ni mie, shemeji. Mguu uko wapi?"

"Kwenye breki."

"Upi?"

"Wa kulia. Unatetemeka, shemeji."

"Uache utetemeke. Usiunyanyue tu."

Kinamama wote walikuwa wamegeuka kututazama. Nadhani walifikiri ni msiba mwingine unapigiwa simu.

Hamisi alisimama. Akafumba macho. Mguu wake wa kulia, peku, akaukandamiza kwenye mchanga. Mkono wa kulia akaukunja hewani, ule ule anaokunjaga siku zote, na safari hii nikakiona ulichoshika: mpini wa winchi.

"Pembeni ya goti lako kuna chuma kimepinda kama jembe dogo. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kikanyage kwa mguu wa kushoto, kiingie kwenye meno ya gurudumu."

Tukasikia pumzi tu. Halafu: "Hakishuki."

"Kina zege. Mpe Lameck nyundo. Akigonge kwa juu, pole pole, asikigonge kwa hasira."

Upepo ulipita kwenye mikorosho. Kanzu ya Hamisi ikajaa hewa ikashuka. Mie nilikuwa namwangalia mguu, na wakuu, kwa muda ule sikuwa na shaka hata chembe kwamba ile ndoo iko hapo hapo juu yetu, juu ya turubai na masinia na kinamama wa watu, na kwamba yeye ndiye ameishika. Naona hata kivuli chake. Sijui niseme vipi. Goba na Chanika zilikuwa sehemu moja.

Kwenye simu ikagonga nyundo. Ikagonga tena. Kikalia kitu, kikavu, kama mfupa.

"Kimelia?" Hamisi akauliza.

"Kimelia."

"Punguza mguu nusu. Ndoo inashuka?"

"Haishuki."

"Punguza wote. Halafu toka hapo uje nyumbani."

Tukasikia vurugu, watu wanaongea kwa pamoja, mtu analia au anacheka. Lameck akasema ametoka, sista, ametoka.

Hamisi alinirudishia simu kwa mikono miwili. Mguu wake ulikuwa bado umekandamiza. Alipouondoa, mchangani palibaki shimo.

Akasema anakwenda Goba sasa hivi. Nikamtolea bodaboda. Alifika jua limeshalegea, akashusha ndoo, lakini zege la slab lilikuwa limeshakaza nusu, na nusu nyingine ni mbao tupu. Injinia alisema yote tuliyotarajia, na mengine mapya. Tulichimbua ukingo, tukaunga kwa gharama zetu. Kwenye ile jumla ya juu, ndimo ilimoingia sehemu kubwa ya hela.

Sasa ndipo lilipo gumu.

Mkandarasi amesikia. Hakupiga kelele, ni mtu wa barua pepe. Ameniambia niingie kwenye mfumo nimpe Hamisi nyekundu, kwa kumweka asiyesomea kwenye mashine kwa jina lake. Na mfumo ule si wangu peke yangu. Nyekundu hiyo itaonekana kwa kila mkandarasi anayeutumia, na siku hizi wanaongezeka. Kwa umri wa Hamisi, hiyo ni kumwambia arudi Newala.

Nimempigia Edgar kumuuliza kama kuna rangi ya katikati. Akasema njano ni ya cheti kinachoisha tu. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kumwandika deiwaka. Akasema hilo hawajaliweka, halijawahi kuombwa. Nikamwambia ndiyo naomba, na nataka bila malipo ya ziada. Anafikiria.

Nilimwita Hamisi, tukakaa kwenye matofali. Nikamwambia alichokitaka mkandarasi. Hakujitetea hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakunijia mie moja kwa moja.

"Ningekwambia mama yangu mdogo amefariki, mama, ungeniamini?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hapana.

"Basi," akasema.

Mtaniambia angeweza kumuua shemeji yake. Angeweza. Ninalijua hilo kila nikiiwaza ile bati moja ya kibanda. Mtaniambia pia kama si yeye, Shukuru leo angekuwa kwenye sanda. Hilo nalo najua. Nimeyaweka yote mawili kwenye mizani, nikabadilisha mkono, yakalingana tena.

Nilichojifunza nakisema bila kuremba. Mfumo ulijua nani amesoma. Haukujua nani amekuja, kwa sababu kuja kwa watu tulikiachia kidole cha Lameck, na kidole cha Lameck kinahesabu nafasi, hakihesabu sura. Sasa kila asubuhi kila mmoja anagusa mwenyewe jina lake mbele ya fomeni. Kila mashine ina watu wawili waliosomea, na Shukuru ni mmoja wa walioanza mafunzo, kwa ombi lake mwenyewe. Deiwaka tumemruhusu, ila aje kwa jina lake na akae kwenye kazi za chini, kubeba na kumwagilia. Na mtu akisema ana msiba siku ya slab, anakwenda. Akinidanganya, atakuwa amekula siku moja yangu. Nimeipiga hesabu, ni nafuu.

Limebaki hilo la nyekundu tu. Mkandarasi anataka jibu Jumatatu.

Mpaka niamue, Hamisi haruhusiwi kuingia. Lakini anakuja. Kila siku anafika mapema, anatusalimia, halafu anakaa nje ya geti kwenye rundo la mchanga, anaangalia winchi ikipanda na kushuka. Leo ilipokwama kidogo nilimwona mguu wake wa kulia umekandamiza.

Wakuu mliowahi kusimamia watu, na nyie mliowahi kusimama mahali pa mtu: nikimpa nyekundu, kuna njia ya mtu kurudi kijani, au ndiyo basi? Na nikikataa kumpa, nikapoteza hii kazi ya Goba na mafundi wote walio nyuma yangu, mtaniambia nimefanya vizuri?

Nisaidieni kabla ya Jumatatu. Msinifiche.